Hodi ya Herufi 200

Kila mwenye simu Tanzania ameshaandikiwa na mtu asiyemjua. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hela yenyewe haipo, aliyeahidi kuituma hayupo, na TCRA imetupa namba 15040 ya kuwasemelea matapeli wa aina hiyo. Kwa hiyo kijana anayekaa Mwanjelwa na kumwandikia meneja wa kiwanda ambaye hawajawahi kuonana naye anaanza safari akiwa amebeba dhambi za wengine. Huku kwetu ujumbe wa mgeni huhesabiwa wa tapeli mpaka uoneshe vinginevyo.

Mjadala ninaouleta hapa niliukuta kwenye steshenari moja ya Mwanjelwa, mwezi wa saba, siku ambayo baridi ya Mbeya ilikuwa imejaza watu dukani kuliko kazi zilizowaleta. Nilipeleka hati ya kiwanja kutoa kopi, mashine ikagoma, nikabaki. Majina nayaacha, nitawaita kwa shughuli zao. Kulikuwa na Mhitimu, aliyemaliza uhandisi wa mitambo pale chuo cha MUST na sasa ana mwaka wa pili nyumbani. Mwenye Steshenari anachapa barua, anawaingiza watu kwenye Ajira Portal, na kwa shilingi 5,000 anakufungulia ukurasa wa LinkedIn pamoja na picha. Koti la picha, la bluu, limetundikwa nyuma ya mlango na limeshavaliwa na wahitimu wengi wa kata ile. Mama wa Viazi ni mtu wa Tukuyu, muuzaji wa siku nyingi. Mwalimu ni mstaafu wa fizikia, alikuja kuchapa barua ya kufuatilia mafao.

Kilichowasha moto ni ujumbe ambao Mhitimu alikuwa ameutuma, ndani ya mwaka mzima, kwa watu 60 waliokubali mwaliko wake mtandaoni. Hakujibiwa na hata mmoja. Mwenye Steshenari aliusoma kwa sauti, kila mtu asikie:

"Habari za majukumu mkuu. Mimi ni kijana mhitimu wa shahada, mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi na usimamizi mdogo. Natafuta kazi yoyote ile. Naomba unishike mkono mkuu. Mungu akubariki sana."

MWENYE STESHENARI: Ujumbe hauna kosa. Kosa ni idadi. Sitini ni wachache, mdogo wangu. Tuma mia tatu. Huu mtandao una watu kuliko unavyodhani. Microsoft waliununua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, hawakununua uwanja mtupu.

MAMA WA VIAZI: Walinunua nini hasa, nyumba?

MWENYE STESHENARI: Watu, mama. Majina yao na kazi zao.

MAMA WA VIAZI: Kumbe na sisi ni mzigo. Haya. Lakini mwanangu, mimi nikisimama pale Kabwe nikamwita kila anayepita, "baba, nunua chochote," leo nitauza nini?

MHITIMU: Mama, mimi kweli nafanya kazi yoyote. Nikichagua wataona naringa.

MWALIMU: Hawakuoni ukiringa, hawakuoni kabisa. Ukisema kazi yoyote, unamwachia msomaji akae afikirie wewe unafaa wapi. Kufikiria huko ni kazi yako, na wewe umemtwisha yeye aifanye bure.

MWENYE STESHENARI: Mwalimu, watu tunasaidiana. Hii ni nchi ya kushikana mikono. Hata mimi duka hili nilishikwa mkono.

MWALIMU: Na nani?

MWENYE STESHENARI: Na shemeji.

MWALIMU: Basi hukumwandikia mtu usiyemjua.

Hapo ndipo nami nilipoingiza mdomo, kwa sababu neno "koneksheni" lilikuwa limeanza kuzunguka duka zima kama nzi. Ukimsikiliza kijana yeyote wa mjini, kazi haipatikani bila mjomba. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyoutikisa usemi huo. Aliwauliza watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Ni asilimia 16.7 tu walioonana naye mara kwa mara. Zaidi ya robo walikuwa hawaonani naye ila kwa nadra. Sababu ni nyepesi: mjomba anajua yale yale unayoyajua, mwenye habari mpya ni yule wa mbali kidogo. Mwaka 2022 watafiti wakachapisha kwenye jarida la Science jaribio lililofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, watu milioni 20 kwa miaka mitano, nao wakakuta waliosaidia zaidi mtu kuhamia kazi mpya ni wale wa kujuana juujuu, si ndugu wala wageni kabisa.

MAMA WA VIAZI: Mshenga.

Nikamwomba aeleze.

MAMA WA VIAZI: Ukitaka kuoa humtumi kaka yako wa tumbo moja. Unamtafuta mtu anayekujua kiasi, na kule wanamjua kiasi. Wazungu wamepima watu milioni ishirini kuja kukuta mshenga.

Niliona haya kidogo, maana nilikuwa nimeisema ile takwimu kwa mbwembwe. Lakini hoja inabaki palepale: Mhitimu hana mshenga kwenye viwanda anavyovitaka. Lazima apige hodi mwenyewe, na mtu akishapiga hodi mara moja ikaitikiwa, kesho yake si mgeni tena.

Ubishi uliochukua muda mrefu kuliko yote, na mimi naona ulistahili, ulikuwa wa salamu.

MWENYE STESHENARI: Kwenye mtandao salamu ni kupoteza nafasi. Asiyelipia, siku hizi maneno ya kwenye mwaliko hayazidi herufi 200, na ruhusa yenyewe ya kuyaandika ni chache kwa mwezi. Ukisalimu Kiswahili chetu cha "habari za asubuhi, za nyumbani, za majukumu," zimeisha.

MWALIMU: Ngoja. Kumbe ruhusa ni chache kwa mwezi? Na hizo mia tatu ulizomwambia atume?

MWENYE STESHENARI: Anatuma mwaliko mtupu, bila neno. Wakikubali ndipo anamwaga.

MWALIMU: Yaani anaingia ndani ya nyumba ya watu kimya kimya, akishakaa kwenye kochi ndipo anasema hodi.

MAMA WA VIAZI: Kwetu hupiti mbele ya mtu bila "ugonile." Hata ukiwa na haraka ya kwenda hospitali. Asiyesalimu tunamwogopa.

MHITIMU: Kwa hiyo niandike shikamoo?

Duka lilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Picha ya mtandaoni haikuambii umri. Meneja wa miaka 29 ukimpa shikamoo anaweza kudhani unamkejeli. Wa miaka 60 ukimpa "mambo" umekwisha. Mwalimu alitukumbusha enzi za telegramu, ulipolipia kwa neno pale Posta na karani akayahesabu kwa ncha ya kalamu mbele yako. Hakuna aliyekuwa anaandika "husika na kichwa cha habari hapo juu." Lakini jina la mpokeaji halikukosekana, kwa sababu bila jina telegramu haifiki.

Mimi naegemea kwa Mwalimu. Neno moja la salamu, halafu cheo na jina la mtu: Habari Injinia Fulani. Inatosha, na ina adabu kuliko mistari mitatu ya "mkuu." Huyu "mkuu" ndiye anayeniudhi. Na mimi huwa naandikiwa mkuu na watu wanaotaka niwasaidie makala zao zitoke, ilhali jina langu liko juu ya ukurasa huohuo wanaoutazama. Mkuu ni jina la mtu ambaye hukujishughulisha kusoma jina lake. Ujumbe unaomfaa kila mtu humfikia kama matangazo ya mganga yaliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Kuhusu lugha, walibishana dakika mbili wakaacha, nami nafanya hivyohivyo: tazama mwenyewe anaandika kwa lugha gani kwenye ukurasa wake, mjibu kwa hiyo. Koti la bluu nalo halina ubaya, ila lisiwapwaye.

MWALIMU: Sasa nitawapa mfano wa hukuhuku Nyanda za Juu. Erasto Mpemba mnamjua?

MHITIMU: Wa maji ya moto.

MWALIMU: Huyo. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania, Mpemba akaogopa kuikosa, akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Kuuliza, mwalimu akamwambia amechanganya mambo. Akafaulu akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa, ikaitwa fizikia ya Mpemba. Ndipo akaja mgeni shuleni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba hamjui, Osborne hamjui. Kijana akasimama. Sasa wewe ungesimama ungesemaje?

MHITIMU: (kimya)

MWALIMU: Ungesema, "Mkuu, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, napenda sayansi, nishike mkono." Yeye alisema hivi: nina vyombo viwili vinavyofanana, vina maji sawa, kimoja maji yake nyuzi 35, kingine nyuzi 100. Nikiviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake waliona amewaaibisha. Lakini Osborne alikuwa ameshapewa kitu mkononi. Alirudi Dar akampa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudisha taarifa kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, ila mzee asiwe na wasiwasi, watarudia mpaka wapate jibu linalotakiwa.

Mama wa Viazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

MWALIMU: Mwaka 1969 mgeni na kijana wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba yuko Mweka anasomea wanyamapori. Alimwuliza mtu swali analoweza kulibeba akaenda nalo nyumbani, basi.

(Wanafizikia bado wanabishana. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilishindanisha watu walieleze jambo hilo, wakajitokeza 22,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden wakaandika kwamba wamepima na hawauoni ushahidi wake. Ila hakuna kati yao anayesema Mpemba aliuliza vibaya.)

MWENYE STESHENARI: Mwalimu, Mpemba alikuwa ukumbini. Mgeni hana pa kukimbilia, watu wote wanamtazama. Huku meneja anakufuta kwa kidole gumba akiwa chooni.

MHITIMU: Halafu Mpemba hakuwa anatafuta kazi. Mimi nikimwuliza mtu swali la kitaalamu huku nia yangu ni kazi, si nitakuwa namzunguka? Nimeona wanaofundisha hivyo mtandaoni: omba ushauri, usiombe kazi. Naona ni unafiki.

MAMA WA VIAZI: Hapo umesema, mwanangu. Mnunuzi akinianza na "mama, unalionaje soko," najua huyo anataka mali kauli. Nakaa chonjo. Anayetaka viazi aseme viazi.

Kwangu hii ndiyo hoja iliyokuwa na uzito kuliko zote siku ile, na Mwalimu hakuwa na jibu la haraka. Ushauri unaozagaa wa "omba ushauri, kazi itakuja" umewafanya vijana waandike maswali ambayo hawataki majibu yake. "Naomba siri ya mafanikio yako." Nani atajibu hilo kwa vidole? Anayeulizwa ananusa, kama Mama anavyonusa mali kauli.

MWENYE STESHENARI: Sasa mama, wewe wateja wa mbali uliwapataje? Hukuwa na LinkedIn.

MAMA WA VIAZI: Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, Desemba, daftari langu la wateja liliungua humohumo. Lilikuwa na namba za miaka yote, za Dar, za Dodoma. Viazi nilivililia siku mbili, daftari nikalililia mwezi. Nikaanza kuokota namba kwa madereva wa malori, mojamoja, watu nisiowajua kabisa. Nilikuwa naandika hivi: "Naitwa Mama Fulani wa Mwanjelwa, namba nimepewa na dereva fulani. Nina gunia 40 za viazi, vimechimbwa jana, si lumbesa. Bei hii. Gari linaondoka saa kumi jioni. Ukihitaji nijibu kabla ya saa nane."

MWALIMU: Na walijibu?

MAMA WA VIAZI: Wengine hawakujibu. Wengine waliniuliza, "kweli si lumbesa?" Nikajua huyo ni mteja.

Aliyewahi kununua viazi kwa gunia anajua uzito wa maneno yale mawili. Lumbesa ni lile gunia lililovimba, lenye kilemba cha nyavu juu, ambalo Wakala wa Vipimo wanalipiga marufuku kwa kuwa gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Mama alipotamka "si lumbesa" alikuwa ametoa ahadi moja inayoweza kupimwa kwenye mizani. Ujumbe wa Mhitimu ulikuwa lumbesa tupu: mchapakazi, mwaminifu, anayejituma. Hakuna mizani ya hayo. Na tazama alivyotaja dereva. Mshenga wake alikaa ndani ya sentensi ya kwanza.

Baada ya hapo hawakubishana tena, walianza kuandika. Mwalimu alimbana Mhitimu aseme kitu kimoja alichokiona kwa macho yake, si cha kwenye vitabu.

MHITIMU: Fildi nilifanyia kinu cha mpunga, Mbarali. Mpunga unatakiwa uingie mashineni ukiwa na unyevu wa asilimia 14 hivi. Ukizidi, punje inapondeka. Ukikauka sana juani, inapasuka ndani, ukikoboa unapata chenga. Wakulima walikuwa wanaanika kwenye turubai, wengine mpaka unakauka kama mchanga, halafu chenga zikitoka analaumiwa fundi wa mashine.

MAMA WA VIAZI: Mbona haya hukuyaandika?

MHITIMU: Nilidhani hayana maana.

MWENYE STESHENARI: Kuna injinia mmoja kwenye kinu cha Morogoro, nimemwona ameandika kuhusu hasara ya chenga wiki iliyopita.

MWALIMU: Basi mwulize kitu ambacho usipojibiwa hutalala. Halafu, kama anavyosema mama, sema unatafuta kazi. Yote mawili. Usifiche.

Waliandika, wakafuta. "Naomba" ilikatwa mara mbili. Mwenye Steshenari, ambaye saa nzima alikuwa upande wa idadi, ndiye aliyegeuka mkali kuliko wote kwenye kuhesabu herufi. Mwisho ukabaki hivi, jina la mhusika nimeliondoa:

"Habari Injinia. Fildi nilifanyia kinu cha mpunga Mbarali. Mzigo uliokauka sana ulitoa chenga. Kwenu mnapima unyevu getini au baada ya kuanika? Nina shahada ya mitambo, natafuta kazi ya kinu."

Herufi 190 na nafasi zake. Ujumbe una anayeandika, alikotoka, alichokiona, swali ambalo mtu wa kinu analijibu akiwa amesimama, na nia iliyo wazi. Hata asipokuwa na nafasi ya kazi, injinia yule anaweza kuandika "getini" na kuendelea na shughuli zake, na hiyo ni hodi iliyoitikiwa. Mimi ningeongeza kwamba nimesoma alichokiandika wiki iliyopita. Walinikatalia: herufi hazitoshi, na swali lenyewe linaonesha.

MHITIMU: Asipojibu?

MWENYE STESHENARI: Unamkumbusha kila siku mpaka ajibu.

MAMA WA VIAZI: Hodi ni tatu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaondoka na kapu lako. Ukipiga ya nne wewe ni mdai.

MWALIMU: Na kati ya hodi na hodi, wiki. Tena usirudie maneno yaleyale. Ya pili mpelekee kitu, hata picha ya zile chenga.

Hapo mashine ya kopi ilizinduka, kila mtu akakumbuka alichokuja kufanya. Mama alilipia karatasi zake, akasema "ndaga," akatoka kuwahi lori la Tukuyu. Mhitimu alituma ujumbe saa tisa na nusu alasiri kwa bando la Mwenye Steshenari, ambaye alimtoza shilingi 500 na kumwambia hizo ni za intaneti, ushauri ni bure.

Ilikuwa Jumatano. Naandika haya Jumatatu na injinia bado hajajibu. Hodi ya pili ni keshokutwa.